Doti ya Sufu

Katika nyumba yetu ya Chuda, hapa Tanga, hakuna kiti ambacho mgeni anaweza kukikalia kwa uhakika. Mwaka jana alikuja imamu wa msikiti wetu kuzungumza habari za hitima ya marehemu mume wangu. Akakaribishwa kochi, akaketi, akainuka haraka kuliko alivyoketi. Nilimwomba radhi huku uso ukiniwaka. Wifi yangu Mwatumu, mwenye sindano hiyo ya kufumia, alimwomba asiichomoe kwa nguvu, vitanzi visije vikatoka.

Mwatumu ndiye ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu habari ya doti ya sufu imeshazunguka mtaani na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake. Afadhali isemwe na mtu aliyekuwapo, na anayejua kuandika.

Yeye ni dada wa mwisho wa marehemu mume wangu, Abdulghani. Baba yao, Mzee Idarusi, alikuwa karani wa reli, mtu wa kanzu safi na maneno machache, na mpaka leo ukiulizia kwa Idarusi utafikishwa hadi mlangoni. Katika nyumba hii watu hawaahidi ovyo. Mzee akisema atakuja Jumatano, alikuja Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe. Nilipoolewa humu nikitokea chuo kikuu, mama mkwe hakunipeleka jikoni kwanza. Alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Jina la nyumba hii tunakukabidhi." Nimefundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu, nimezika mume, nimeozesha binti, na jina bado nimelishika. Mwatumu hajanirahisishia kazi.

Si mvivu, sitaki kumsingizia. Watu wa Ngamiani mpaka Raskazone humwagiza mikate ya kumimina, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba alicheleweshewa. Aliolewa mara moja huko Mwera, upande wa Pangani. Ndoa ilipokwisha alirudi nyumbani kimya, na hajamsema vibaya yule mwanamume mbele ya mtu yeyote. Hayo yote ni mambo ya mtu mwenye akili timamu. Tatizo ni sufu.

Kufuma alifundishwa na jirani yetu wa zamani, Bertha, Mlutheri aliyezaliwa milimani, ambaye mume wake alikuwa muuguzi katika mashamba ya mkonge. Mwatumu alikuwa bado msichana. Walikaa barazani kwetu kila alasiri, Bertha na sindano zake na yeye na zake, na mimi nikipita na madaftari ya wanafunzi nilikuwa nawasikia wakihesabu. Bertha alikuwa na tabia moja ambayo wakati ule sikuitilia maanani. Kazi ya mwanafunzi wake ilipofika mwisho, aliichukua mkononi mwake na kuimalizia mwenyewe, chapuchapu, huku akizungumza mambo mengine kabisa. Baadaye mume wake alistaafu, wakahamia Maramba.

Tangu hapo sijaona kitu kilichokamilika. Mume wa binti yangu alifumiwa soksi moja, akaisubiri ya pili mpaka akaacha kuuliza. Kuna kofia ambayo ni duara lisilo na utosi. Kuna blanketi lililoanza kuwa blanketi, likageuka skafu, sasa linafungia dirisha lisigonge. Chini kabisa ya kapu kuna sweta ya kahawia ya marehemu mume wangu, na hiyo nilikuwa sitaki hata kuiona. Watu wa mtaani huniuliza kwa kicheko, na Tanga hii mnaijua joto lake, "Bi Asmahani, yule wifi yako anamfumia nani, jokofu?"

Halafu zikaja video za kwenye simu. Hapo ndipo maradhi yalipokomaa. Kila wiki anajifunza ufundi mpya. Alijifunza kusokota vitanzi vipishane kama nywele zilizosukwa, akaanzisha mto. Kabla mto haujafika nusu akaona matundumatundu ya maua, akaanzisha kitambaa cha meza. Kitambaa kikaachwa kwa sababu kuna bibi mmoja wa huko Ulaya alikuwa anafuma rangi mbili kwa mkono mmoja.

"Umalize kwanza kimoja, wifi," nikamwambia.

"Ninajifunza."

"Wanafunzi wangu walikuwa wakijifunza, kisha wakafanya mtihani."

"Ndiyo maana wengine walikuchukia," akanijibu, macho yake kwenye simu.

Sasa nije kwenye doti yenyewe. Binti yangu Najat ameolewa Lushoto na kijana anayeitwa Sabiri, watu wa heshima, Washambaa. Mimba yake ya kwanza ilipofika mahali pake alikuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Akajaliwa mtoto wa kike. Mzazi hukaa ndani mpaka arobaini itimie. Siku hiyo mtoto hutolewa nje mbele ya watu, na kwa kuwa hawa ni wa mbali, siku hiyohiyo wakwe wangekuja kuwachukua mama na mwana. Mama yake Sabiri, Bi Mboni, alipopiga simu kutupongeza, tulikuwa tumekaa chumbani kwa mzazi na simu imewekwa spika. Kabla sijamaliza kuitikia dua zake, Mwatumu alidakia.

"Mkwe, mjukuu wetu harudi huko baridini na kanga tupu. Mimi shangazi namfumia doti. Doti nzima ya sufu. Kipande cha mtoto, kipande cha mama."

Kule upande wa pili kulisikika vigelegele. Bi Mboni hakuwa peke yake.

Nilimkazia macho Mwatumu. Naye akaangalia dari.

Kwa asiyejua: kanga huuzwa na hutolewa kwa doti, vipande viwili vinavyolingana. Ukimpelekea mkwe kipande kimoja umemwambia kwamba nusu inamtosha. Ugomvi wa namna hiyo nimeuona ukidumu mpaka walioanzisha wamezikwa. Mwatumu, ambaye katika maisha yake hajamaliza soksi ya pili, alikuwa ameahidi vipande viwili, kwa spika, kwa jina la nyumba ya Idarusi.

"Kwa nini hukusema kofia?" nilimuuliza.

"Kofia si zawadi ya mkwe."

"Na kuvunja ahadi ni zawadi?"

"Wifi, hebu niachie nafasi, naanza."

Alianza vizuri, sikatai. Alinunua sufu nyekundu na nyeupe, akapanga shali iwe na pindo kuzunguka na mji katikati kama kanga ya kweli. Bi Mboni alipiga simu tena kusema amewaambia wenzake, na kwamba anakuja na wifi zake wawili kuiona kwa macho. Nikasema karibuni. Nilipokata simu nikaenda kumwangalia Mwatumu, nikamkuta anafuma kitu cha kijani.

"Hiki nini?"

"Najaribu pindo la namna nyingine. Kuna mdada anafuma mawimbi."

"Nyekundu iko wapi?"

"Inapumzika."

Nilichukua ile kijani nikaiweka juu ya kabati, mahali asipofika bila stuli. Nilifanya hivyo kwa kitu cha bluu pia, na kwa kingine ambacho hata yeye hakuweza kunieleza kitakuwa nini. Kabati lilijaa. Najat, kitandani na mwanawe, alikuwa akicheka. "Mama, unamsimamia shangazi kama yuko mtihanini." Nikamwambia acheke tu, si yeye atakayekaa na wifi za Bi Mboni kwenye mkeka mmoja.

Basi, siku mbili kabla ya arobaini, Mwatumu alitoka chumbani kwake na shali mbili zimekunjwa mkononi. Pindo, mji, kila kitu. "Doti hiyo," akasema. Nilizipima moja juu ya nyingine, zimelingana. Nakiri zilikuwa nzuri. Nilipiga simu Lushoto mwenyewe, bila kuulizwa, nikamwambia Bi Mboni kwamba kazi imekwisha na kwamba watu wa nyumba hii wakisema wamesema.

Kesho yake asubuhi nilizichukua nizipange kwenye sinia na udi na marashi. Nikaikunjua ya kwanza. Kwenye ukingo wa juu kulikuwa na kamba ya kiatu. Kamba ya kiatu, nyeusi, ya viatu vya shule, imepenya kuanzia pembe hii mpaka pembe ile. Nikasema moyoni, huyu mtu hata usafi wa kazi hana. Amefungia kitu akasahau kuondoa. Nikaishika ncha moja nikaivuta ikatoka yote, nikaikung'uta shali ikae vizuri.

Ukingo ulianza kufunguka. Vitanzi vilianguka kimoja baada ya kingine, mstari chini ya mstari, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Nilisimama naangalia na kamba mkononi.

Mwatumu aliingia na sinia la mikate. Akaliweka chini.

"Usitikise," akasema. "Usipumue hata kidogo. Umetoa kamba?"

"Ya kiatu! Nilifikiri umeisahau."

"Ndiyo iliyokuwa inashika."

"Inashika nini? Si ulisema imekwisha?"

Alipiga magoti akaanza kuokota vitanzi kwa sindano, kimoja kimoja, mdomo umebana. Aliporudisha vyote nikaikunjua ya pili. Nayo ina kamba ya kiatu.

"Mwatumu," nikasema, "hizi zinafungwaje ukingoni zisifumuke?"

Alirudia kuhesabu vitanzi alivyookota.

"Bertha alikuwa anafungaje?"

"Sikuwahi kuona. Alikuwa anafunga harakaharaka, halafu ananiuliza habari za shule." Akakaa sakafuni. "Najua kuanza kwa namna saba, wifi. Kufunga sijui."

Kusema kweli niliona giza. Miaka yote hiyo ya sindano kwenye makochi, vikapu nyuma ya milango, soksi moja, kofia bila utosi, na mimi nikidhani ni uzembe. Kumbe mtu hajui mlango wa kutokea.

"Simu unayo," nikamwambia. "Umeangalia kila bibi wa Ulaya anavyoanza. Hujaona hata mmoja anavyomaliza?"

"Nimewaona. Wanaongea Kiingereza, mimi natazama mikono. Kwa kuanza mikono inatosha. Kwa kufunga haitoshi, kwa sababu unaona mkono unafunga, huoni unavuta kiasi gani." Akalivuta kapu karibu. "Nilijaribu mara moja. Ile sweta ya kaka."

Hapo nikakumbuka, ingawa nilikuwa sitaki. Ilikuwa Idi, nyumba imejaa. Abdulghani alikuwa na safari ya Lushoto, na Mwatumu akamletea sweta mbele ya watu wote, imekamilika kabisa, ya kahawia. Akaivaa. Mikono ikapita, kichwa hakikupita. Shingo ilikuwa imefungwa kwa kubana, haivutiki. Akazunguka sebuleni na kichwa ndani ya sweta, mikono mbele, akiuliza, "Nimeshafika Lushoto? Mbona giza?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwisho tukaikata shingo kwa mkasi. Alifariki masika yaliyofuata.

"Mlicheka wote," Mwatumu akasema.

"Yeye ndiye aliyecheka kuliko sote."

"Ndiyo. Na mimi nikamwambia, wiki ijayo nitakurekebishia."

Sikuwa na nafasi ya machozi. Kesho alfajiri gari la wakwe lilikuwa linatoka Lushoto, na juu ya mkeka wangu kulikuwa na vitambaa viwili vinavyoshikiliwa na kamba za viatu. Nikamwambia ajaribu. Akajaribu kwa kukisia, kwa kumkumbuka Bertha. Ukingo wa kwanza ukajikunja na kubana, shali ikawa na mdomo kama mfuko wa kubebea nazi. Najat alipoona akauliza kama mtoto atawekwa ndani kisha afungwe na kamba. Nikamwambia anyonyeshe mwanawe.

"Fumua," nikamwambia Mwatumu. "Lete simu. Lete miwani yangu."

Mimi, ambaye nimefundisha vijana wakaenda kuwa wahandisi, nilikaa kwenye mkeka mchana kutwa nikimtafsiria wifi yangu maneno ya bibi wa Kizungu mwenye paka. Bibi yule hana muhtasari. Anaeleza habari za paka, anaeleza hali ya hewa, halafu katikati anasema jambo moja la maana na kurudi kwa paka.

"Fuma kitanzi kimoja," nikasema. "Fuma cha pili. Sasa kile cha kwanza kipitishe juu ya cha pili, kianguke nje. Kimebaki kimoja. Fuma kingine, rudia."

"Hilo nalijua. Ndivyo nilivyofanya."

"Subiri, kuna paka. Haya. Anasema wanaobana ni wengi. Anasema usivute uzi baada ya kila kitanzi. Na anasema mkono wa kulia ushike sindano nene kuliko ile uliyofumia, ili vitanzi vya mwisho viwe vipana."

Mwatumu aliacha kazi. "Nene?"

"Nene. Amesema mara mbili."

"Sina nene. Zangu zote ni hizi."

Tulitafuta. Mpini wa mwiko ulikuwa mnene mno, kijiti cha mshikaki chembamba. Mwisho nilifungua droo yangu, nikatoa penseli yangu ya kusahihishia, ile yenye ncha nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili, ndefu bado, kwa sababu mimi vitu navitunza. Akaichukua akaipitisha kwenye kitanzi. Ikaingia sawasawa.

Shali ya kwanza, ya mama, aliimaliza alasiri ile. Haikujikunja. Aliivuta huku na huku, akaivuta tena, akaenda kuiangalia mlangoni kwenye mwanga, akarudi. Ya pili nikamwambia aanze papo hapo. Akasema kuna kasoro ndogo kwenye pindo, afadhali aifumue mistari michache airekebishe kwanza. Sitaandika nilichomjibu. Lakini aliifumua. Ndiyo maana asubuhi ya arobaini, gari liliposimama mlangoni, Mwatumu alikuwa bado kwenye mkeka na penseli mkononi, na robo ya ukingo iko wazi.

Bi Mboni aliingia na wifi zake, wamejifunga vizuri, wananukia. Najat alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, mtoto akasalimiwa kwa Kishambaa, tukaulizana habari za njia. Halafu macho ya Bi Mboni yakaenda kwenye mkeka. Akaiona shali. Akaiona penseli.

"Mkwe," akaniambia polepole, "huyu mtoto mnampeleka shule leo leo?"

Wifi zake wakashika midomo. Nilimwona Mwatumu akiinamisha kichwa, mikono imesimama, sawasawa na siku ile ya Idi. Nilijua kwamba watu wakicheka sasa, kile kitambaa kitarudi kapuni na hakitatoka tena, na habari itafika Lushoto kwamba kwa Idarusi wanatoa kipande kimoja.

"Hapana, mkwe," nikasema. "Nyumba hii haimalizi zawadi ya mtoto kwa kujificha. Bibi mzaa baba anashuhudia inafungwa, ndipo mtoto anafunikwa. Tulikuwa tunawasubiri nyinyi."

Desturi hiyo nilikuwa nimeitunga wakati nikivuta pumzi. Bi Mboni alinitazama. Si mjinga yule mama. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya Mwatumu, akakunja miguu.

"Basi tushuhudie," akasema. "Shangazi, endelea, usitujali."

Wifi zake wakakaa pembeni yake. Mwatumu alifuma kimoja, akafuma cha pili, akakipitisha. Kitanzi kikamponyoka, akakirudisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisema kwa sauti ya chini, "Usivute. Usivute," kama mwendawazimu. Alipofika pembeni hakujua afanye nini na kile kilichobaki kimoja, na bibi wa paka alikuwa hayupo. Akageuka kunitazama. Nikamwambia, "Kata uzi, upitishe ndani yake." Akakata. Akapitisha. Penseli ikabaki tupu mkononi mwake.

Bi Mboni aliichukua shali, akaushika ukingo kwa mikono miwili akauvuta kama wanawake wanavyojaribu kitambaa dukani. Ukavutika, ukarudi.

"Haubani," akasema. Akaweka ya mama begani kwa Najat, akamfunika mtoto kwa ya pili, akamwita Mwatumu. "Shangazi ndiye atoke naye nje."

Vigelegele vilipigwa, udi ukafukizwa, mtoto akaoneshwa jua la Tanga akiwa ndani ya sufu, akalia kwa joto kama mtu yeyote mwenye akili. Adhuhuri wakaondoka. Bi Mboni aliniambia mlangoni kwamba hiyo desturi yetu ya kushuhudia ameipenda, na atawaambia wenzake. Sasa nitalazimika kuitekeleza kwa wajukuu wote.

Niliporudi sebuleni nilitaraji, na nadhani nilikuwa na haki ya kutaraji, kwamba tutapumzika na hizi sindano japo mpaka mwezi uandame. Mwatumu alikuwa amekaa kwenye kochi. Mapajani mwake ilikuwapo sweta ya kahawia, shingo iliyokatwa kwa mkasi imening'inia nyuzinyuzi.

"Wifi," akasema, "kuna video ya kuokota vitanzi mahali palipokatwa. Ila anayefundisha anaongea mno."

"Utamvisha nani sweta hiyo?"

"Simvishi mtu. Nataka iishe."

Nilimwambia kwanza aondoe sindano zote kwenye makochi, asibakize hata moja, maana siku ya hitima imamu atakuja tena. Aliziondoa. Zilijaa beseni. Nikakaa bila kuchomwa, nikavaa miwani, nikamwomba anirudishie penseli yangu. Akakataa, akasema bado ana kazi nayo.